Kabla ya Kusema "Amepigwa Sana": Namna ya Kufuatilia Mchochota, Sonona na Kumbukumbu kwa Mwanamichezo Mstaafu

Kwenye kambi za ngumi na viwanja vya raga kuna kauli moja inayofunga mazungumzo haraka kuliko nyingine yoyote: "Huyo amepigwa sana." Husemwa juu ya bondia wa zamani anayesahau alikoweka funguo, anayewafokea watoto bila sababu, au anayekaa barazani tangu asubuhi hadi jua linapotua bila kuzungumza na mtu. Wanaoisema hawana nia mbaya. Hata hivyo, wakishaisema, hakuna anayempeleka hospitali, kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba jibu limekwisha kupatikana na kwamba halina tiba. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiweka kauli hiyo pembeni mpaka mambo mengine yachunguzwe, na hasa jambo moja ambalo watafiti wamelifuatilia kwa karibu katika miaka ya hivi karibuni: mchochota, na jinsi unavyoweza kuiunganisha huzuni isiyoondoka, yaani sonona, na akili iliyopoteza wepesi wake.

Ninamwandikia mstaafu mwenyewe pamoja na mtu anayeishi naye. Simzungumzii mchezaji aliyeangushwa jana usiku. Robert Wangila, Mkenya aliyetwaa medali ya dhahabu ya ngumi mjini Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa jeraha la ubongo alilolipata ulingoni, na kwa tukio la aina hiyo ushauri ni mmoja tu: hospitali yenye daktari wa upasuaji wa ubongo, saa hiyo hiyo. Habari ya hapa ni ya mambo yanayokuja polepole, miaka 5 au 20 baada ya glavu kutundikwa ukutani.

Mchochota ni nini, na unaingiaje kichwani

Neno lenyewe linahitaji kuwekwa sawa. Daktari akisema "kuna uvimbe", wengi wetu tunasikia saratani au jipu, na hofu inatangulia maelezo. Hapa nitatumia neno mchochota kwa maana ya kazi ya kinga ya mwili inapopambana na jeraha au vijidudu. Ukijikata kidole, mahali hapo huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Siku chache baadaye kazi imekwisha na kidole kimepona. Tatizo huanza pale kazi inapoendelea hata baada ya jeraha kufunga.

Ndani ya ubongo walinzi wa kwanza ni seli ziitwazo mikroglia. Kichwa kinapopigwa, au mwili unaposimamishwa ghafla na ubongo ukatikisika ndani ya fuvu, nyuzi ndefu za seli za neva huvutika, na vimishipa vidogo vya damu vinaweza kuvuja. Mikroglia huamka, humeza mabaki ya seli zilizoharibika na kutoa kemikali za kupeana taarifa ziitwazo saitokini, miongoni mwake interleukini-6 na TNF. Pigo likipewa muda wa kupona, seli hizo hurudi katika utulivu. Mapigo mamia katika msimu mmoja, mengi yakiwa madogo kiasi kwamba mchezaji hakuona hata nyota, yanaweza kuziacha zikiwa macho muda wote, mithili ya mlinzi wa usiku aliyevamiwa mara nyingi ambaye sasa hata paka akipita anapuliza filimbi. Majaribio kwa wanyama yanaonyesha kwamba mikroglia zilizofikia hali hiyo hujibu kwa nguvu kupita kiasi zinapopata taarifa ya mchochota mwingine wowote mwilini. Hapo ndipo fizi zinazooza, kitambi na usingizi mbovu, vitu vinavyoonekana kuwa mbali kabisa na kichwa, vinapoingia katika hesabu.

Saitokini zinagusaje hisia na kumbukumbu kwa pamoja? Njia moja inayofahamika vizuri inapitia triptofani, kirutubisho tunachokipata katika maharage, mayai na samaki, ambacho mwili hukitumia kutengeneza serotonini. Saitokini huamsha kimeng'enya kinachoielekeza triptofani kwenye mkondo mwingine, wa kemikali iitwayo kinurenini. Baadhi ya mazao ya mkondo huo, hasa asidi ya kwinoliniki, huvichochea kupita kiasi vipokezi vya neva vinavyotumika katika kujifunza na kukumbuka, hadi kuzidhuru seli. Saitokini hupunguza pia nguvu ya dopamini, kemikali inayompa mtu hamu ya kuanza jambo. Ndiyo maana mstaafu wa aina hii mara nyingi halii wala hasemi kwamba ana huzuni. Anasema tu kwamba hana nguvu, hana hamu, na kichwa ni kizito.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba mchochota peke yake unaweza kuleta hali hiyo haukutoka michezoni. Ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakitibiwa kwa interferoni alfa, dawa inayoamsha kinga ya mwili kwa makusudi. Sehemu kubwa yao walipata sonona ndani ya wiki au miezi michache, wakalalamika pia kwamba wanafikiri polepole, ilhali hawakuwahi kupigwa ngumi hata moja.

Utafiti unatuambia nini, na unaishia wapi

Daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia wanaoyumba na kuchanganyikiwa tangu mwaka 1928, kwa hiyo jambo hili si geni. Lililobadilisha upepo ni kazi ya Bennet Omalu, mtaalamu wa patholojia mzaliwa wa Nigeria, aliyeuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyefariki mwaka 2002, na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Alikuta mabonge ya protini iitwayo tau, na ugonjwa huo wa ubongo, unaohusishwa na mapigo ya kichwa yanayojirudia, sasa unajulikana kwa herufi CTE. Mwaka 2016 watafiti wa Boston walionyesha kwamba miaka mingi zaidi ya kucheza iliambatana na mikroglia nyingi zaidi zilizoamka katika sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba mikroglia hizo ziliambatana na tau nyingi zaidi. Mwaka mmoja kabla yake, kundi la Johns Hopkins mjini Baltimore lilikuwa limewapiga picha maalumu za ubongo wachezaji 9 wastaafu wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, waliokuwa hai, likaona dalili ya mchochota katika maeneo kadhaa, yakiwemo yale yanayohusika na kumbukumbu na hisia.

Hapa msomaji apunguze mwendo. Wachezaji 9 ni wachache mno. Kemikali inayotumika katika picha zile haiwezi kutenganisha mikroglia inayoharibu na ile inayokarabati. Na ile takwimu iliyozunguka dunia nzima mwaka 2017, kwamba bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa zamani wa NFL zilikuwa na CTE, ilitoka kwenye bongo zilizotolewa kwa watafiti, nyingi zikiwa za watu ambao jamaa zao walikwisha kuona dalili. Mtu asiichukue kana kwamba ni hesabu ya wachezaji wote. Utafiti wa Scotland wa mwaka 2019 umesimama imara zaidi kwa sababu ulifuatilia kumbukumbu za wanasoka wa kulipwa 7,676 na kuwalinganisha na watu wa kawaida wapatao 23,000: vifo vinavyotokana na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo vilikuwa takriban mara tatu na nusu kwa wanasoka. Lakini hata hapo, wanasoka wengi walikufa kwa sababu nyingine kabisa.

Mambo mawili yanayofuata kutokana na hayo ndiyo msingi wa hatua zote zilizo hapa chini. La kwanza, CTE huthibitishwa baada ya kifo tu, kwa kuupasua ubongo na kuutazama kwa hadubini. Mtu yeyote anayemwambia mstaafu aliye hai kwamba ana CTE kwa hakika anazidisha. La pili, mchochota wa aina hii ndani ya ubongo haupimwi katika kliniki ya kawaida popote, Nairobi wala New York. Kinachoweza kupimwa na kutibiwa ni mchochota wa mwili na vyanzo vyake, sonona yenyewe, na orodha ndefu ya magonjwa yanayofanana na CTE kwa sura. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2024, uliowahoji karibu wachezaji 2,000 wa zamani wa NFL, ulikuta kwamba takriban theluthi moja waliamini wana CTE, na hao ndio waliokuwa na fikra za kujiua kwa wingi zaidi, sambamba na sonona, maumivu na testosteroni ya chini, ambayo yote yana tiba. Kwa maoni yangu hakuna sababu nzito kuliko hiyo ya kuiogopa ile kauli ya "amepigwa sana".

Anza kwa daftari, kabla ya hospitali

Nunua daftari la shule. Katika ukurasa wa kwanza andika historia ya mapigo: mwaka wa kuanza mchezo, mwaka wa kuacha, idadi ya mapambano au misimu, nafasi uliyocheza, mara ulizopoteza fahamu au kusahau sehemu ya mchezo. Usisahau mazoezi. Bondia mwenye mapambano 30 kwenye rekodi anaweza kuwa amepigwa raundi elfu kadhaa za sparingi, yaani mapambano ya mazoezi, ambazo hakuna aliyezihesabu, na mwanasoka wa nafasi ya beki anaweza kuwa amepiga mipira ya kichwa mingi mazoezini kuliko katika mechi zote za ligi.

Ukurasa wa pili ni wa mabadiliko, na huu aujaze mtu mwingine. Mke, dada au rafiki wa muda mrefu anaona mambo ambayo mwenyewe haoni: kwamba anauliza swali lilelile mara tatu, kwamba ameacha kwenda msikitini au kanisani, kwamba pesa za kodi ya nyumba zimelipwa mara mbili. Kila jambo liandikwe pamoja na mwezi lilipoanza kuonekana na jinsi lilivyoendelea. Mwendo wa mabadiliko una thamani kubwa kwa daktari kuliko jambo lenyewe. Kilichoanza ndani ya wiki chache kina uwezekano mkubwa wa kuwa na sababu inayotibika; kilichojikokota kwa miaka kinahitaji uchunguzi wa aina nyingine.

Ukurasa wa tatu ni wa usingizi, pombe na dawa. Andika kila dawa, hata ya kununua dukani, hata ya mitishamba, pamoja na kiasi.

Pima sonona na kumbukumbu kwa siku moja, kwa vipimo viwili tofauti

Kosa la kawaida ni kupima kimoja na kukisia kingine. Mtu mwenye sonona kali hufanya vibaya katika mtihani wa kumbukumbu kwa sababu hana nguvu ya kujaribu, na mtu anayepoteza kumbukumbu huingia katika sonona kwa sababu anajua kinachompata. Ukiwa na matokeo ya yote mawili ya siku moja unaweza, miezi michache baadaye, kuona kipi kimesogea.

Kwa sonona, omba dodoso la PHQ-9. Lina maswali 9, lina tafsiri ya Kiswahili inayotumika katika vituo vya afya, na alama zake huanzia 0 hadi 27. Alama 10 au zaidi ni sababu ya kukaa na daktari kwa mazungumzo marefu. Swali la tisa linahusu fikra za kufa au kujidhuru. Lisirukwe kwa aibu, na kama jibu ni lolote mbali na "hapana", nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya dharura hapa chini.

Kwa kumbukumbu na kufikiri, kliniki nyingi za mijini hutumia kipimo cha MoCA, chenye alama 30, ambapo chini ya 26 huhesabiwa kuwa na kasoro. Mimi nina shaka na mstari huo kwa watu wetu. Kipimo hicho kimejaa kazi za kalamu na karatasi, na bondia aliyeacha shule darasa la tano atapata alama ndogo hata kama hajawahi kupigwa maishani. Kwa mzee asiyesoma sana kuna kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambacho humtaka mtu, pamoja na mambo mengine, akumbuke maneno 10, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kilikusudiwa kugundua shida ya kumbukumbu uzeeni, kwa hiyo mstaafu wa miaka 45 anaweza kukipita vizuri na bado akawa na tatizo la kupanga mambo au kuzuia hasira. Katika hali hiyo ukurasa wa pili wa daftari unaeleza zaidi kuliko kipimo chochote.

Damu: nini cha kuomba na namna ya kukisoma

Kipimo cha mchochota kinachopatikana kwa urahisi ni CRP, protini inayotengenezwa na ini saitokini zinapopanda. Pale inapowezekana omba ile aina nyeti, yenye kuonyesha hata viwango vidogo. Kwa ujumla chini ya miligramu 1 kwa lita ni kiwango cha chini, kati ya 1 na 3 ni cha wastani, na zaidi ya 3 ni cha juu. Zaidi ya 10 usikimbilie kuzungumzia ubongo: mara nyingi kuna maambukizi au jeraha jipya. Katika nchi zetu tahadhari hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa malaria, homa ya matumbo au kidonda mguuni vinaweza kuipandisha CRP juu kabisa na kuficha kila kitu kingine. Kwa hiyo usipime katika wiki ulizougua homa, uliyong'olewa jino au uliyofanya mazoezi mazito ya kuumiza misuli. Na kiwango kikiwa juu, rudia baada ya wiki mbili au tatu ukiwa mzima.

CRP iliyo juu haithibitishi kwamba sonona yako inatokana na mchochota, na iliyo chini haikanushi. Thamani yake ni kwamba inakuelekeza kutafuta chanzo. Jaribio lililofanywa Atlanta na kuchapishwa mwaka 2013 linaonyesha kwa nini: watu 60 wenye sonona isiyosikia dawa za kawaida waligawanywa, baadhi wakapewa infliksimabu, dawa kali inayoizuia TNF, na wengine maji matupu ya dripu. Kwa jumla dawa haikushinda. Ilipotazamwa CRP, waliokuwa na zaidi ya miligramu 5 kwa lita walielekea kunufaika, na wale wa chini walifanya vizuri zaidi bila dawa hiyo. Sonona, kwa maneno mengine, si ugonjwa mmoja, na kuzima mchochota usiokuwepo kunaweza kudhuru.

Pamoja na CRP, omba picha kamili ya damu, sukari ya muda mrefu, figo na ini, homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende. Kila kimoja kati ya hivyo kina uwezo wa kuleta usahaulifu au huzuni, na kila kimoja kina matibabu. B12 iangaliwe hasa kwa mwenye kisukari anayetumia metformini kwa miaka mingi, kwa kuwa dawa hiyo huipunguza. Kwa mwanamume aliyepigwa sana kichwani na sasa hana hamu ya tendo la ndoa wala nguvu, ongeza testosteroni inayopimwa asubuhi: tezi ya pituitari iko chini ya ubongo, na mapigo huweza kuidhoofisha.

Picha ya CT haihitajiki kwa kila mtu. Inahitajika haraka pale kichwa kinapouma kwa kuzidi, mtu anapoanguka mara kwa mara, upande mmoja unapolegea, au usingizi wa mchana unapomzidi ghafla. Damu inaweza kuvilia polepole kati ya fuvu na ubongo wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo tu, hasa kwa mnywaji wa pombe au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na ikitolewa akili hurejea kwa namna inayowashangaza ndugu.

Tafuta vyanzo unavyoweza kuviondoa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na mara nyingi haifanywi kwa sababu haina sura ya matibabu makubwa.

Anza na usingizi. Wachezaji wa raga na mabondia wa uzito wa juu wana shingo nene, na baada ya kustaafu mafuta huongezeka juu ya misuli ile. Wakilala chali, njia ya hewa huziba, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mwili hushtuka, na hali hiyo hujirudia usiku kucha. Oksijeni inayopanda na kushuka hivyo huamsha mchochota, hupandisha presha, na kumwacha mtu asubuhi na kichwa kizito, hasira na usahaulifu, yaani picha ile ile inayoitwa "amepigwa sana". Mwenzi wake arekodi mkoromo kwa simu kwa dakika 20. Ukimya unaofuatwa na mkoromo mkubwa wa ghafla ndio unaotafutwa. Mashine ya kusukuma hewa usiku ni ghali na haipatikani kila mahali, lakini kulala ubavu, kupunguza uzito na kuacha pombe ya jioni husaidia wengi kwa kiasi kinachoonekana.

Kinywa kinafuata. Meno yaliyovunjika na fizi zinazotoa damu ni urithi wa kawaida wa ulingo, na fizi zilizooza ni kidonda kilicho wazi kwa miaka. Mtembelee daktari wa meno kabla ya kununua kidonge chochote cha "kuimarisha ubongo".

Kitambi nacho si akiba tuli ya mafuta: mafuta ya tumboni hutengeneza interleukini-6 kila siku. Mchezaji aliyezoea kula chakula cha watu watatu akaacha mazoezi huendelea kula vilevile. Hatua ya kwanza ni kurudi kwenye mwendo, dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, baiskeli au kuruka kamba, bila sparingi na bila mpira wa kichwa. Kuna jambo la kushangaza hapa: msuli unaofanya kazi hutoa interleukini-6 ile ile, lakini kwa muda mfupi, na katika hali hiyo huituliza kinga badala ya kuichochea. Mstaafu hahitaji kuachana na mwili wake wa michezo. Anahitaji kuutumia bila kupigwa. Ndondi za kivuli mbele ya kioo zinatosha sana.

Presha na sukari vidhibitiwe kwa ukali zaidi kuliko kwa mtu mwingine, kwa sababu mishipa midogo ya ubongo imekwisha kuumizwa mara moja. Pombe ipunguzwe hadi iishe. Kuhusu chakula sina mengi: dagaa, vibua, kunde, mboga za majani na matunda, na kupunguza soda na vyakula vya kukaanga. Manjano na tangawizi ni viungo vizuri vya mchuzi; vidonge vyake vya bei kubwa havijathibitishwa kuwa tiba ya hali hii. Usikivu nao upimwe, kwa kuwa asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu na hujitenga na watu.

Dawa, na zile za kuzikwepa

Mtu akisikia kwamba shida ni mchochota, wazo la kwanza ni kununua dawa ya kuuzima. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa kama peremende, na wastaafu wengi tayari wanazimeza kila siku kwa ajili ya magoti na mabega. Zikitumika mfululizo hutoboa tumbo, huharibu figo na kupandisha presha. Naprokseni na selekoksibu zilijaribiwa Marekani kwa wazee kwa matumaini ya kuzuia ugonjwa wa Alzheimer, na hazikuuzuia. Aspirini ya kiwango kidogo ilijaribiwa kwa maelfu ya wazee wa Australia na Marekani, na haikuzuia sonona. Prednisoloni na deksamethasoni, zilizo kali kuliko zote hizo, zenyewe huweza kumvuruga mtu akili na hisia. Maumivu ya viungo yatibiwe, kwa kuwa maumivu yasiyoisha huvuruga usingizi na hisia, lakini kwa mpango wa daktari na fiziotherapia.

Sonona itibiwe kama sonona, bila kusubiri swali la ubongo lijibiwe. Mazungumzo ya tiba na mwanasaikolojia, pale yanapopatikana, na dawa kama fluoksetini au sertralini huwasaidia watu wengi, wakiwemo waliopata majeraha ya kichwa. Dawa hizo huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuonyesha kazi, na zisiachwe ghafla. Kwa amitriptilini ningeomba mazungumzo na daktari kwanza. Ni ya bei nafuu, imo katika karibu kila duka la dawa, na hupewa watu kwa usingizi na maumivu, lakini ina tabia ya kuchafua kumbukumbu, hasa kwa mwenye umri mkubwa. Kama mstaafu anaitumia na anasahau, yawezekana sehemu ya jibu iko ndani ya pakiti ile.

Dharura

Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize kwa maneno ya wazi: "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo hilo kichwani mwake. Akikubali, asiachwe peke yake. Sumu za shambani, vidonge vilivyobaki na silaha viondolewe nyumbani siku hiyo hiyo. Apelekwe hospitali yenye huduma ya magonjwa ya akili. Tanzania Bara kuna Mirembe mjini Dodoma na idara ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, Nairobi kuna Mathari, na Kampala kuna Butabika, lakini hospitali yoyote ya wilaya au kaunti iliyo karibu inafaa kwa kuanzia. Nchini Kenya, wale waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Ziara ya pili

Panga kurudi baada ya wiki 8, na daftari mkononi. Rudia PHQ-9 na kipimo kile kile cha kumbukumbu, kwa saa ile ile ya siku, ikiwezekana kwa mhudumu yule yule, na umwombe abadilishe orodha ya maneno ili mtu asiyakumbuke yale ya mwanzo. Rudia CRP kama ilikuwa juu. Huzuni ikishuka na kumbukumbu ikapanda pamoja nayo, endelea na mpango uleule kwa miezi 6 kabla ya kupunguza chochote. Huzuni ikishuka na kumbukumbu ikabaki chini, au ikazidi kuporomoka, hapo ndipo inafaa kuomba rufaa kwa daktari wa neva, picha ya MRI na upimaji kamili wa kisaikolojia, na ndipo pia familia ianze kupanga nani atashika kadi ya benki, nani ataendesha gari, na dawa zitapangwa na nani kwenye kisanduku chenye siku 7 za wiki.

Vyote viwili visiposogea, fungua tena ukurasa wa tatu wa daftari. Mara nyingi kuna kitu pale ambacho hakikuandikwa mara ya kwanza: chupa ya jioni, vidonge vya rafiki, au mkoromo ambao mwenzi aliuonea haya kuutaja.